Kofia ya Njano Siku ya Kura

Márquez alipoanguka pale Sepang, Malaysia, mimi nilishangilia. Niliruka kwenye kochi la watu, nikapiga kofi moja kubwa, nikampa jirani yangu mkono kama vile sisi wawili ndio tulioshinda. Nalitanguliza hili kwa sababu vijana wa kijiweni huniuliza kila mara ule ugomvi wa Rossi na Márquez, wale madereva wa mbio za pikipiki, ulikuwaje, na anayesimulia ugomvi ni vizuri aseme kwanza alikaa upande gani.

Mimi ni fundi pikipiki. Banda langu liko Sogea, hapa Tunduma. Kwa asiyefika huku, mji wetu ndiko Tanzania inakoishia ukishika njia ya Zambia. Barabara kuu inatoka Dar es Salaam, inakula zaidi ya kilomita 900 ndipo inafika getini, na ng'ambo ya geti ni Nakonde. Malori hupanga foleni ambayo siku mbaya huioni mwisho wake. Katikati ya malori hayo ndimo wanamopenya bodaboda, wamebeba madereva wa kwenda forodhani, kina mama wenye marobota, wanafunzi watatu kwenye siti moja. Asubuhi huku ni baridi kali, na vijana huvaa makoti mazito ya mtumba na glavu za kulimia. Pikipiki zao ni Boxer na TVS, basi. Ukitaka kuwasha moto kijiweni uliza ipi ngumu kati ya hizo mbili, kisha nenda zako. Ukirudi jioni utawakuta bado wanabishana.

Ubishi wangu mimi ni wa Yamaha na Honda, nao nimeurithi. Baba alikuwa bwana shamba wa kahawa Mbozi, na kazini alipewa Yamaha DT 125. Pikipiki ile ilikunywa petroli na oili pamoja, ikatoa moshi wa buluu na mlio mkali ambao sisi watoto tuliusikia baba akiwa bado ng'ambo ya mto. Mchungaji wetu wa Moravian alikuwa na Honda XL, mlio wake mzito na wa taratibu, haina haraka. Kijiji kizima kilijua ipi ya nani kabla haijaonekana. Mimi nilikalishwa juu ya tangi la Yamaha nikiwa sijaanza shule, mikono ya baba ikipita huku na huku ubavuni mwangu kushika usukani. Mtoto aliyepakatwa hivyo hachagui tena timu.

Kwa hiyo Valentino Rossi alipoiacha Honda mwishoni mwa mwaka 2003, baada ya kuchukua nayo ubingwa wa dunia miaka mitatu mfululizo, akahamia Yamaha, nilimpokea kama ndugu aliyerudi nyumbani. Wengi walisema amechanganyikiwa. Honda ilikuwa pikipiki ya kushinda, Yamaha ilikuwa pikipiki ya kuhangaika nayo. Mbio zake za kwanza na Yamaha zilikuwa hapa kwetu Afrika, Welkom, Afrika Kusini, tarehe 18 Aprili 2004. Mpinzani wake siku ile alikuwa Muitaliano mwenzake Max Biaggi, na wawili hao walikuwa na kisa cha muda mrefu. Mwaka 2001 kule Suzuka, Japani, Biaggi alimsukuma Rossi kwa kiwiko katika mwendo mkali, na baadaye mwaka uleule wakashikana mashati Barcelona. Basi pale Welkom walikimbizana mpaka mstari wa mwisho, Rossi akashinda kwa nafasi ndogo kuliko kufumba na kufumbua. Halafu akaisimamisha pikipiki kando ya njia, akakaa chini, akaibusu.

Habari hizo sikuziona kwenye televisheni. Nilisimuliwa miaka kadhaa baadaye na dereva mmoja wa lori, mtu wa Free State, aliyekwama kwenye foleni yetu siku nne na akawa anakuja kupoteza muda bandani kwangu. Alisema alikuwepo Welkom siku hiyo na mdogo wake. Alisema watu wa upande wa Biaggi nao walisimama wakapiga makofi. Hilo alilirudia mara mbili, na wakati ule sikuelewa kwa nini analirudia.

Kofia niliipata Nakonde, kwenye rundo la salaula, ndivyo wanavyoita mitumba upande ule. Ya njano, namba 46 mbele, uzi umefumuka kidogo pembeni. Namba 46 ni ya Rossi miaka yake yote ya mbio za ubingwa wa dunia, na njano ni rangi ya mashabiki wake duniani kote. Ukiona picha za uwanja wa Mugello, Italia, katika miaka yake, kilima kizima kimekuwa shamba la alizeti.

Sasa tuje kwenye mwaka 2015 wenyewe.

Rossi alikuwa na miaka 36. Alikuwa na mataji 9 ya dunia na alilitaka la 10, ambalo lilikuwa limemkimbia tangu 2009. Aliyekuwa anamfuata kwa pointi ni Jorge Lorenzo, Mhispania, mwenzake ndani ya timu hiyohiyo ya Yamaha. Na alikuwapo Marc Márquez, Mhispania mwingine, kijana wa Cervera mwenye miaka 22 na namba 93, akiendesha Honda. Márquez alikuwa bingwa wa 2013, mwaka wake wa kwanza kabisa katika daraja la juu, na tena wa 2014. Mwaka huo alianguka sana, ubingwa ukawa umeshamtoka. Utotoni alikuwa shabiki wa Rossi. Kuna picha yake akiwa mtoto amesimama pembeni ya Rossi, anatabasamu.

Walianza kukwaruzana mapema. Argentina mwezi wa Aprili waligusana, Márquez akaenda chini. Assen, Uholanzi, mwezi wa Juni waligusana tena kwenye kona ya mwisho kabisa, Rossi akapitia kwenye kokoto na kushinda. Kisha Oktoba, Phillip Island, Australia, wanne walipishana njia nzima: Márquez akawa wa kwanza, Lorenzo wa pili, Andrea Iannone wa tatu, Rossi wa nne. Siku chache baadaye, mbele ya waandishi wa habari kule Malaysia, Rossi alisema waziwazi kwamba Márquez alimchelewesha kwa makusudi ili Lorenzo awe bingwa.

Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika, na ninaomba msomaji azipokee hoja zote mbili kwa haki. Mshindi hupata pointi 25, wa pili 20, wa tatu 16, wa nne 13. Wa upande wa Márquez walisema: kama alitaka kumsaidia Lorenzo, kwa nini alimpita mzunguko wa mwisho akamnyang'anya pointi 5? Sisi wa njano tukajibu kwamba alikuwa na mwendo wa kuondoka mapema, ila alibaki nyuma kutuvuruga. Hoja ya kwanza ina hesabu ndani yake. Ya kwetu ilikuwa inahitaji uingie kichwani mwa mtu. Leo naweza kuliandika hilo. Wakati ule ungeniambia ningekufukuza bandani.

Mbio za Sepang ziliangukia Jumapili ya tarehe 25 Oktoba 2015. Mtanzania yeyote mtu mzima anaikumbuka tarehe hiyo kwa jambo jingine: ni siku tuliyopiga kura ya Rais, wabunge na madiwani. Sisi Tunduma tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya, Songwe ilizaliwa mwaka uliofuata. Mbio zilikuwa zianze saa nne asubuhi kwa saa zetu. Nilifika kituoni alfajiri ya giza, nimevaa koti na ile kofia yangu kwa sababu ya baridi, nikakuta wengi wamenitangulia.

Mzee mmoja nyuma yangu akanigusa bega. Nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Hiyo kofia itoe. Sare za chama hapa hazitakiwi.”

“Si ya chama, baba. Ni ya Rossi.”

Akaitazama ile njano, akaitazama ile namba. “Huyo Rossi anagombea jimbo gani?”

Nikaivua, nikaitia kifuani ndani ya koti. Alikuwa ananitakia mema. Mwaka ule watu walisomana kwa rangi, na njano ina wenyewe katika nchi hii.

Saa nne kasoro nikawa nimeshapiga kura na kukimbia mpaka sebuleni kwa mzee mwenye gesti, mwenye king'amuzi cha kulipia. Kwenye vibanda umiza vyetu pikipiki hazionyeshwi, huko ni mpira tu, Simba na Yanga na Ulaya. Tulikuwa sita. Kila mmoja ana wino kidoleni, na kila mmoja ananyoosha kidole hicho kwenye kioo akimwelekeza Rossi apite wapi.

Dani Pedrosa alishatangulia peke yake, Lorenzo akapanda mpaka wa pili. Nyuma yao Rossi na Márquez wakaanza kupitana, huyu akiingia kona ya hapa yule anajibu kona ya pale, mara nyingi kwa mizunguko michache, mpaka tukashindwa kukaa. Mzunguko wa saba, kona ya 14, Rossi akaingia kwa ndani. Badala ya kukata, akaiacha pikipiki iende nje, akapunguza mwendo, akageuza kichwa akamtazama Márquez. Akamtazama hasa, kama mtu anayemwambia mwenzake “unataka nini?” Márquez akaegemea kurudi ndani, wakagusana, goti la Rossi likafunguka, na Honda ikalala chini.

Ni pale niliporuka.

Vijana wengi wanasema “alimpiga teke”. Niwaeleze kama fundi. Liva ya breki ya mbele iko mkono wa kulia. Kwenye pikipiki za mashindano breki hiyo ni kali mno, inabanwa kwa vidole viwili au kimoja. Tairi la mbele likiwa limelala kwenye kona, mshiko wake wote umeshatumika kukugeuza, haujabaki wa kukusimamisha. Liva ikiguswa hapo na kitu chochote, goti au mguu, tairi linajifunga na linakutoka kabla hujajua. Ndiyo maana pikipiki hizo huwekewa kinga inayozunguka mbele ya liva. Likijifunga la nyuma unaweza kupambana nalo, la mbele hupambani. Honda walisema vipimo vya pikipiki ya Márquez vilionyesha breki ya mbele imebanwa ghafla. Waamuzi walitazama picha zote, wakasema hawaoni teke, wanaona Rossi alimsukuma nje kwa makusudi mpaka wakagusana. Wakasema pia Márquez alimchokoza, lakini uchokozi wake haukuvunja kanuni. Kwa macho yangu ya leo, uamuzi ule ulikuwa wa haki.

Rossi alimaliza wa tatu. Adhabu yake ikawa kwamba mbio za mwisho za mwaka, Valencia tarehe 8 Novemba, aanzie mkiani kabisa. Alikata rufaa ya kuisimamisha, akakataliwa. Mashabiki kwa malaki walisaini ombi afutiwe adhabu. Waandaaji wakafuta hata mkutano wa kawaida wa madereva na waandishi wa habari kabla ya mbio, maana hewa ilikuwa imechafuka. Rossi alianza wa 26 akapanda mpaka wa nne. Lorenzo alishinda, na Márquez akamaliza nyuma yake wa pili, baada ya kumfuata njia nzima bila kumjaribu kwa nguvu. Lorenzo pointi 330, Rossi 325. Tofauti ya pointi 5. Na hapa sisi wa njano tulipata hoja iliyo nzito kuliko ile ya Australia, kwa sababu Márquez ninayemjua haoni mgongo wa mtu akautulizia. Hilo sijalipatia jibu mpaka leo.

Lakini nirudi sebuleni, kuna kitu nilikiruka.

Nilipokuwa nimesimama nashangilia, mzee mwenye nyumba hakusimama. Alisema kwa sauti ya chini: “Kaeni. Hapohapo ndipo alipofia yule mwenye nywele.”

Alikuwa anamsema Marco Simoncelli, kijana wa Kiitaliano mwenye nywele za kutifuka zilizokuwa hazienei kwenye helmeti, namba 58. Tarehe 23 Oktoba 2011, kwenye uwanja huohuo wa Sepang, alianguka, pikipiki yake badala ya kuteleza nje ikamrudisha katikati ya njia, na wawili waliokuwa nyuma wakamgonga bila nafasi ya kukwepa. Mmoja alikuwa Colin Edwards. Wa pili alikuwa Rossi, rafiki yake mkubwa. Simoncelli alikuwa na miaka 24. Sisi sote mle ndani tulilijua hilo, na Rossi ndiye aliyelijua kuliko mtu yeyote duniani. Hata hivyo nilikaa kwa sababu tu nimeambiwa na mkubwa.

Jambo lililonigeuza halikutoka Ulaya. Lilitoka barabara ya Mpemba, masika ya 2017. Mama mmoja alishuka kwenye basi na mizigo, vijana wawili wa kijiwe chetu wakamkimbilia, mmoja ana Boxer, mmoja ana TVS. Wa Boxer akambana mwenzake pembeni, usukani ukagusa usukani, wa TVS akaenda mtaroni. Kijiweni wakapiga kelele za furaha, “Kalale huko!” Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na spana mkononi, nikacheka pamoja nao. Kisha tukaona haamki.

Mguu ulivunjika chini ya goti, umelaliwa na injini. Pikipiki ililetwa kwangu jioni. Liva ya breki imepinda kama ndoano ya samaki. Futresti ya kulia imeingia ndani mpaka imegusa kifuniko cha klachi. Kati ya futresti na injini kulikuwa na kiatu, raba nyeusi, kimebanwa pale na kamba zake bado zimefungwa. Nililazimika kulegeza bolti mbili ndipo kikatoka.

Kesho yake kijiwe kikagawanyika. Wa Boxer wakasema alijipeleka mwenyewe, wa TVS wakasema alibanwa kwa makusudi. Maneno yalikuwa yaleyale ya sebuleni, neno kwa neno, na hakuna aliyekuwa anamzungumzia yule kijana. Walikuwa wanazungumza juu ya upande wao. Nilijisikia vibaya sana, maana niliisikia sauti yangu mwenyewe ndani yake.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuitafuta upya habari ya hawa wawili, nikitazama vipande vya video usiku bando likiwa rahisi. Niligundua kwamba walishapeana mkono, nami kwa hasira zangu nilikuwa sijajali. Ilikuwa Juni 2016, Barcelona. Ijumaa kijana wa daraja la pili, Luis Salom, alianguka mazoezini akafariki. Jumapili Rossi alimshinda Márquez baada ya kupitana vikali, na waliposhuka wakashikana mikono. Msiba uliwakumbusha.

Haikudumu. Aprili 2018 kule Argentina Márquez alimgonga Rossi akamwangusha, akaenda mpaka kwenye banda la Yamaha kuomba radhi, akarudishwa mlangoni. Rossi akasema Márquez ameuharibu mchezo. Septemba ya mwaka huo, Misano, Márquez alinyoosha mkono mbele ya kamera na Rossi hakuupokea. Miaka hiyo, mara nyingi Márquez alipopanda jukwaani Italia alizomewa, na waliomzomea wengi walikuwa na kofia kama yangu. Wakati fulani hata kuanguka kwake kulipigiwa makofi.

Kuzomea sina shida nako. Sisi ni watu wa Simba na Yanga, tunajua utani, tunajua na kero. Ila mpira ukimwangusha mtu anaumia kifundo cha mguu, anapuliziwa dawa, anaendelea. Pikipiki ni kitu kingine. Nimeshika kiatu kile mkononi.

Rossi alistaafu mbio za pikipiki Novemba 2021 na mataji yake 9. Márquez alivunjika mkono wa kulia Jerez mwaka 2020, akafanyiwa upasuaji mara nne, akaiacha Honda, akaenda Ducati, na tarehe 28 Septemba 2025 huko Motegi, Japani, akawa bingwa tena. Taji la 9. Tisa kwa tisa. Kwa saa zetu mbio zilianza saa mbili asubuhi. Nilizitazama kwa simu nje ya kanisa, nikachelewa wimbo wa kwanza. Nilifurahi kwa ajili yake, na bado mimi ni wa Rossi.

Majuma mawili kabla ya hapo, Jumamosi, ilikuwa Misano, nyumbani kwa Rossi, uwanja uliopewa jina la Simoncelli. Zilikuwa zile mbio fupi za Jumamosi, saa kumi jioni. Kijana ninayemfundisha kazi, ambaye ni wa Márquez damu, alikuwa ameegesha simu yake yenye kioo kilichopasuka juu ya boksi la plagi. Márquez alikuwa anaongoza. Akaanguka. Kutoka kwenye simu ile ndogo ikasikika shangwe ya watu maelfu.

Kwenye benchi alikuwepo yule kijana wa TVS, sasa anaendesha bajaji, mguu wake mmoja ni mfupi kidogo kuliko mwenzake. Alikuwa amegeuzia simu mgongo, anakunywa chai. Aliposikia zile kelele hakuuliza ni nani wala ni wa timu gani.

“Ameinuka?” akaniuliza.

Nikainama kwenye kioo, nikatafuta kwenye ufa, nikamwona anatembea kwenye kokoto, kofia ngumu bado kichwani.

“Ameinuka,” nikamwambia.